Doa Moja

Mgeni njoo, mwenyeji apotee. Huko kwenu labda husemwa vingine. Labda kwenu mgeni hufika na baraka zake na mwenyeji akainuka kitandani akiwa mzima. Katika mji huu, ambao hauna jina kwa sababu kila aliyejaribu kuupa jina alisahau lake, methali ililalia ubavu mmoja ikaamkia wa pili, na hakuna aliyethubutu kuigeuza.

Kwa hiyo kipepeo alipoingia nyumbani kwa Sikudhani, saa nane mchana, Sikudhani hakupiga kelele. Alikuwa kibarazani anapepeta mchele. Alimwona akivuka kizingiti taratibu, mbawa za rangi ya chungwa bivu, ncha nyeusi zenye mkanda wa madoa meupe, ukingo mweusi uliotiwa nukta nyeupe kama upindo wa nguo ya fundi mwenye subira. Hakuwa na haraka. Viumbe wengine wenye mbawa huruka kama wanadaiwa roho zao. Huyu hupita kama mwenye mji. Alizunguka chumba, akatua juu ya mkeka uliokunjwa kando ya ukuta, akafungua mbawa. Sikudhani akashusha ungo. Akajikuta anahesabu.

"Ngapi?" aliuliza shangazi yake, Bi Mwanamvua, kutoka jikoni.

"Umemwonaje, shangazi, nawe umenipa mgongo?"

"Nimesikia ungo umenyamaza. Ngapi?"

"Moja."

Jikoni mwiko ulianguka. Ulilia juu ya sakafu, ukazunguka, ukatulia. Saa ya Nyumba Kuu, ile iliyo juu ya mnara na kusikika mji mzima, ikagonga nane. Halafu, kama mzee aliyesahau kwamba ameshasalimia, ikagonga nane tena.

Kila mahali watu husema kipepeo akiingia ndani mgeni yuko njiani, nao hutandika mkeka na kuongeza sahani. Hapa pia hutandika. Tofauti ni kwamba hapa mgeni hana kwao. Hutumwa. Hufika, huketi, hula sinia moja na mwenyeji, na kwa kila tonge analomeza hushiba kitu kisichokuwamo kwenye sinia. Mwisho huomba tonge la heshima, lile ambalo mwenyeji humlisha mgeni kwa mkono wake. Akishalimeza hilo, anayeinuka mkekani ana uso wa mwenyeji, na mwenyeji... Hakuna ajuaye mwenyeji huenda wapi. Hakuna aliyeuliza akabaki kuwa aliyeuliza.

Sikudhani alikuwa amewahi kuona. Jirani yao, Ngwali, fundi wa kushona, ndiye aliyeshona majoho ya Nyumba Kuu: ya chungwa, pindo jeusi, nukta nyeupe. Mtu wa mizaha, mwenye tabia ya kulainisha pindo la chochote kilicho mbele yake kwa kidole gumba, hata pindo la maneno ya watu. Siku moja alisema, pini zikiwa bado midomoni, kwamba joho la Mtukufu, mkuu wa Nyumba Kuu, limepanuliwa kiuno mara nne tangu alipokula kiapo, na kwamba kwa mtu anayejiita mla uchungu, uchungu wenyewe unamkubali mwilini. Watu walicheka. Kesho yake kipepeo akaingia kwake. Keshokutwa Ngwali alikuwa kwenye cherehani yake kama kawaida, isipokuwa vidole gumba vyake vililala tu, haviambai pindo lolote, na mzaha ulikuwa umemtoka kama maji yanavyotoka kwenye mtungi uliotoboka. Mkewe, Mize, alimpelekea chai. Alimwita "baba" kama siku zote. Lakini alikuwa akiweka kikombe mezani na kuondoa mkono haraka, kama mtu anayemlisha mbwa wa watu.

Hofu ya usiku ina mlango, asubuhi huufungua. Sikudhani alikuwa akiifikiria hofu ya mchana, hii ya jua jeupe, ambamo kila kitu kinaonekana na hakuna cha kuuliza ni nini kile. Gizani mtu huogopa asichokiona. Hapa watu waliogopa walichokiona, wakaogopa zaidi kuonekana wamekiona. Je, mtu anayekiona kitu na kusema hakioni bado ana macho? Na kama macho yake hayapo, ni nani anayetazama kupitia matundu yale mawili?

Tuliza moyo. Tandika mkeka. Hesabu pumzi. Usihesabu kitu kingine.

Kwa maana kuhesabu ndiko kulikomponza.

Sikudhani alikuwa mlezi wa vipepeo wa Nyumba Kuu, kazi aliyorithi kwa shangazi yake. Vizimba vyake vilikuwa nyuma ya nyumba, vya wavu, na ndani yake ulistawi mmea wenye majani mapana ya kijivu ambao ukiuvunja hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Mji mzima uliuita mchungu, basi. Mbuzi huuzunguka. Viwavi huula. Viwavi wenye miraba myeusi, myeupe na ya njano, wenye jozi tatu za pembe laini nyeusi, hula mchungu mchana kutwa na sumu yake hawaitemi. Huiweka, huivaa ndani kwa ndani. Baadaye hujining'iniza kichwa chini na kuwa kipuli cha kijani chenye nukta za dhahabu, kama hereni ya bibi harusi. Baada ya siku kama kumi kipuli hupasuka na kipepeo hutoka ameloa, anatetemeka, amebeba uchungu wote wa utoto wake. Ndege akimdonoa, humtema. Hutikisa kichwa, hufuta mdomo kwenye tawi, na hasahau maisha yake yote.

Na hiyo ndiyo hadithi ya mji. Hapo zamani, au wiki iliyopita, maana miaka ya hapa haikai kwa foleni, palikuwa na Zama za Ndege. Ndege walishuka mchana wakadonoa watu macho. Mwanamke mmoja, njaa imemshinda, akala mchungu. Moyo ulimgonga, ulimi ukavimba, akatapika hadi akalala. Ndege aliyemdonoa alimtema. Basi wengine wakala. Waliokufa kwa jani walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa ndege, lakini waliobaki hawakuguswa tena. Wakapaka nguo zao rangi ya chungwa na weusi ili ndege wasikosee. Ndege wakaondoka. Nguo zikabaki. Wana wakazivaa, kisha wajukuu, na hakuna aliyewauliza kama jani nalo wamelionja. Nguo hurithiwa. Uchungu haurithiwi.

Kila mwaka, siku ya kiapo, mlezi hupanda jukwaani na kapu. Hutoa kipepeo jike, humfungua bawa la nyuma mbele ya umma na kuhesabu kwa sauti madoa meusi yaliyo katikati. "Moja!" Umma hujibu, "Mchungu!" "Mbili!" "Mchungu!" "Tatu!" "Mchungu!" Kisha humweka begani mwa Mtukufu, na mwaka mzima hakuna anayemgusa yeyote aliyevaa rangi hiyo.

Miaka tisa Sikudhani alihesabu kwa mdomo, macho yakiwa kwenye umati. Mwaka huu upepo ulimfungua kipepeo bawa kabla ya wakati, na yeye akatazama. Akasema, "Moja." Umma ukajibu, "Mchungu!" Wakangoja. Doa lilikuwa moja, dogo, tena ukingoni mwa mbele wa bawa. La pili halikuwepo. La tatu halikuwepo. Angeweza kuyasema. Lakini shangazi yake alimfunza kazi hii kwa ufito, akimgonga vidole kila alipotaja asichokiona: hesabu unachokiona, mtoto, hesabu unachokiona. Mdomo wake ulijifunga wenyewe, kama mlango unaojua bawaba zake. Jasho lilimtoka Mtukufu juu ya mdomo. Nyuma kabisa mtu alicheka, kisha akakohoa ili cheko lake liwe kikohozi.

Hiyo ilikuwa siku tatu zilizopita. Au miaka mitatu. Saa ya mnara ilikuwa imegonga nane mara nyingi mno tangu wakati huo.

Bi Mwanamvua alitoka jikoni amebeba sahani ya ziada. Alikuwa mwembamba, mrefu, na leo alionekana kama aliyekunjwa mahali pasipo na kunjo.

"Yuko kipepeo mwingine," alisema, kama anayeendelea na mazungumzo aliyoyaanza moyoni zamani. "Unamjua."

"Namjua." Jike lake huvaa kama kipepeo wa mchungu, rangi kwa rangi, ncha kwa ncha. Dume lake halijisumbui. Ni jeusi tu, lenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau. Kiwavi wake hula majani manene matamu yanayotambaa chini uwanjani. Hajaonja uchungu hata siku moja. Ndege akimtafuna atashiba, lakini hamtafuni, kwa kuwa anamkumbuka yule mwingine. "Ana doa moja, shangazi. Mbele ya bawa."

"Yale majani manene nyuma ya jiko langu."

"Mboga yako."

"Umewahi kuniona naipika?"

Sikudhani alimtazama. Miaka tisa alikuwa akizunguka tuta lile kwa adabu, asikanyage mboga ya mzee.

"Babu yake Mtukufu alikuwa wa kwanza kuvaa joho bila kula jani," alisema Bi Mwanamvua. "Kipepeo akamwachia majimaji shingoni, shingo ikawasha siku saba. Nikaitwa. Nikaambiwa, mlete asiyewasha. Nikamleta. Nikahesabu tatu, umma ukaitika. Mara arobaini, mwanangu. Nilipokuachia kazi nikaona nisikutwishe. Wewe ukalea, mimi nikabadilisha kapu."

"Na ufito, shangazi? Vidole vyangu?"

"Nilitaka angalau mmoja katika nyumba hii ajue kuhesabu." Aliiweka sahani chini. "Sikutaka ahesabu kwa sauti."

"Hodi."

Hodi husemwa mara tatu. Hii ilisemwa mara moja, na aliyeisema alikuwa tayari ndani. Alivaa joho la chungwa. Uso wake ulikuwa kama unga uliokandwa kisha mwenye kukanda akaitwa nje: mahali pa pua palikuwepo, mahali pa macho palikuwepo, lakini hakuna kilichokwisha. Kipepeo aliinuka kutoka mkekani, akampisha.

"Shikamoo, Bi Mwanamvua."

"Marahaba," alisema mzee, kwa sauti iliyotoka chini ya godoro.

"Dada Sikudhani, usihangaike. Nimekuja kula tu."

"Na wanaokuja kula tu ndio wanaomaliza chungu," alijibu Sikudhani.

Mgeni aliketi, akakunja miguu. "Nyumba Kuu haina ugomvi nawe. Inataka maneno machache. Utasimama jukwaani useme: naomba radhi, macho yangu yalinidanganya. Kisha utahesabu tatu. Nitaondoka bila kuonja hata wali."

"Nisiposema?"

"Basi nitakula."

Sikudhani alitaka kulia, na akagundua kwamba anaogopa hata machozi yasije yakawa ya kwanza kuliwa. Alifikiri: nikiomba radhi nitabaki na uso wangu, na jina, na vizimba. Nitaamka kila siku nikiwa mimi. Lakini yule atakayetazama bawa na kusema tatu, huyo ni nani? Si ni mgeni pia? Mmoja atanila kwa sinia. Mwingine nitamkaribisha mwenyewe, ndani, palipo na kitanda. Na huyo wa pili hahitaji hata kubisha hodi.

"Pakua, shangazi," alisema.

Wali ukaja na samaki. Bi Mwanamvua akaleta birika na beseni, akammiminia mgeni, kisha akamgeukia Sikudhani. Na hapo akaona. Asubuhi, kabla ya ungo, Sikudhani alikuwa amevunja majani ya mchungu kwa ajili ya viwavi. Utomvu ulikuwa umekauka katika mikunjo ya vidole, mweupe, na chini ya kucha ulikuwa bado mbichi. Miaka tisa alikuwa akijisugua kwa limau na mchanga kabla ya kugusa sinia. Ndilo somo la kwanza la mlezi.

Sikudhani alirudisha mikono kifuani. "Nimeshanawa."

Maji yalidondoka kwenye beseni, tone, tone. Mgeni aliinua uso wake usiokwisha.

"Amenawa?" aliuliza.

Bi Mwanamvua alimtazama binti wa kaka yake. Mara arobaini alikuwa amehesabu asichokiona.

"Amenawa," alisema. "Nimemwona."

Mgeni akaanza kula upande wake wa sinia. Tonge la kwanza, na Sikudhani akasahau harufu ya mvua ya kwanza kwenye vumbi. Alijua kwamba ipo, hakujua ikoje. Tonge la pili, ukaondoka wimbo aliokuwa akiwaimbia viwavi. Tonge la tatu, akatafuta jina la mama yake akakuta mahali pake pamefagiliwa. Mbele yake, kwenye unga ule, nyusi zilikuwa zinachipua, nyusi zake, ya kushoto ikiwa na kovu la kuanguka mferejini. Alianguka lini mferejini? Kovu lilikuwa kule, kumbukumbu ilikuwa kule. Alijitazama akitafuna. Niko wapi sasa, alijiuliza, niko upande wa anayeogopa au upande wa anayeshiba? Shika mkeka. Huu ni mkeka. Hii ni mikono. Mikono inawasha. Anayewashwa ni mimi.

"Bado tonge la heshima," mgeni alisema, na sauti ilikuwa ya Sikudhani.

Alichota wali. Aliubana kwenye kiganja, akaukanda polepole kuliko inavyostahili, vidole vikisugua vidole, hadi utomvu ukalainika na kuingia kwenye joto la wali. Akamlisha.

Mgeni alitafuna. Akasita. Akatafuna tena, kama mtu anayesoma barua mara ya pili kwa kuwa hataki kuamini ya kwanza. Kisha akatema. Alitema wali, akatema mate, akatikisa kichwa, akafuta mdomo kwenye pindo la joho. Nyusi zikamdondoka kama punje. Unga wa uso wake ukapasuka kuanzia paji, kama kipuli siku ya kumi, na ndani yake mlikuwa na uso mwingine, umeloa, unatetemeka.

Harufu ya mvua ilirudi. Wimbo ulirudi nusu. Jina la mama yake halikurudi. Na hadi hadithi hii inafungwa halijarudi.

Mtu aliyekuwa mkekani alitazama huku na huku. Kidole gumba chake kikaanza kutembea kwenye ukingo wa mkeka, kikilainisha, kikilainisha.

"Nani alisuka ukingo huu?" alinong'ona. "Alikuwa analala?"

"Ngwali," alisema Bi Mwanamvua, akaketi chini ghafla.

"Shikamoo, Bi." Alikuwa analia bila kujua analia. "Mize hajambo?"

Alitega sikio. Ng'ambo ya ukuta cherehani ilikuwa ikilia.

"Anayekaa kwenye cherehani yangu ni nani?" aliuliza Ngwali.

Basi huko ndiko wenyeji wanakokwenda, Sikudhani alifikiri, na ubaridi ukampanda mgongoni katikati ya jua lile. Hawaendi popote. Humwagwa, hufutwa, huvishwa joho, hutumwa mlango wa jirani wakiwa na njaa ya uso wowote. Mji ulikuwa unajila wenyewe kwa adabu, ukinawa mikono kwanza. Na wale wa Nyumba Kuu hawakuwa na meno. Hawakuwahi kuwa nayo. Kilichowalinda ni kumbukumbu ya uchungu wa watu wengine, na watu waliosita kuonja.

Nje saa ikagonga nane. Kisha vivuli vikaziba mlango, vitatu, vitano, majoho ya chungwa hadi mwisho wa uchochoro. Majirani walikuwa nyuma yao, vibarazani. Mize alikuwepo, kikombe mkononi.

"Bi Sikudhani," sauti ikaita, bila hasira, sauti ya mtu anayesoma. "Mgeni wako amechelewa. Toka nje uombe radhi, yaishe."

Bi Mwanamvua alimshika upindo wa kanga. "Sema tu, mwanangu. Neno ni pumzi. Nimemdanganya mgeni kwa ajili ya mikono yako, sasa wadanganye hawa kwa mdomo wako. Mimi nimeishi hivyo, na nimeishi."

"Umeishi, shangazi," alisema Sikudhani kwa upole. "Nimekuona."

Alisimama. Kipepeo mwenye doa moja alikuwa ametua kwenye fremu ya mlango, amefunga mbawa, mtamu, mzuri, anaogopa kama yeye. Sikudhani alimchukua kwa ncha za vidole, taratibu kama alivyofunzwa, akavuka kizingiti. Jua lilimpiga usoni. Majoho yalimtazama mikono, yakaona ule weupe kwenye vidole, na mstari wa mbele ukarudi nyuma hatua moja. Hatua ndogo, lakini Mize aliiona, na mwenye sauti aliiona, na uso wake ukabadilika kuwa wa mtu ambaye sasa atalazimika kufanya jambo baya zaidi ya kutuma mgeni.

"Hesabu," alisema. "Tatu. Na uombe radhi."

Sikudhani alifungua bawa mbele yao wote.

"Moja," alisema. Alingoja waangalie. Vidole vyenye utomvu hakuvificha. "Ni moja. Siombi radhi."